Nukta Mbili za Redio ya Manjano

Inspekta Kamaludin alipofika ofisini, Dawud alikuwa amekwisha kuketi barazani. Hakuwa mtu wa kelele. Tangu mazishi alikuja kila asubuhi, akavua kofia yake ya vito, iliyodariziwa kwa mkono, akaiweka gotini na kuuliza swali lile lile.

"Umempata?"

"Bado, Bwana Dawud."

"Basi nitangoja."

Na alingoja kweli. Aliyefiwa na mke ana wakati mwingi mno, kwa sababu nyumba humfukuza: kila kikombe kina mkono ulioosha, kila msumari una kanga iliyotundikwa. Dawud alikuwa nahodha wa mashua za wageni huko Ras Kitau, na tangu msiba hakuwa amerudi kazini.

Alichokitaka ni kitu kimoja, na Kamaludin alikijua kwa moyo. Afra, mkewe, alikuwa amekwenda kwao Kiwayu kuzalia kwa mamake, kama afanyavyo binti yeyote mwenye mimba ya kwanza. Uchungu ukaja vibaya. Mkunga, Bi Radhiya, akasema hili ni la hospitali, na hospitali iko Amu, kisiwani Lamu. Idris, mvuvi wa pale, akawapakia katika mashua yake, Zamzam. Maji yalikuwa yamekupwa, njia ya ndani haipitiki, ikawabidi kupita nje, na huko nje wimbi likawapindua.

Lakini Idris alikuwa na redio ya dharura, ile ya manjano ambayo ukiivuta waya wake inaita mbinguni. Aliiwasha wakiwa wameng'ang'ania mgongo wa mashua. Satelaiti ziliisikia. Hakuna aliyekuja. Kesho yake wavuvi waliwakuta kwa bahati: Bi Radhiya akiwa na pumzi, Idris hayupo, na Afra amekwisha kufa, redio imefungwa kifuani pake kwa mtandio, ikimeta taa.

Kituo cha kupokea miito, huko bara, kilipoulizwa kilijibu kwa maneno machache kwamba kiliwasiliana na watu wa mashua, na watu wa mashua walisema wako salama.

"Watu wa mashua ni nani?" Dawud alikuwa ameuliza siku aliposomewa jibu hilo. "Mashua iko juu chini. Idris yuko mayini, mke wangu yuko mayini. Nani aliyepokea simu? Nambia jina lake, Kamaludin. Sitaki kingine kwa serikali yenu."

Asubuhi hii kituo kilikuwa kimetuma mtu. Aliitwa Austin, fundi wa mitambo, kijana mrefu aliyeshuka kwenye ndege Manda akiwa amevaa viatu vya ngozi na sasa vimejaa mchanga. Alifungua kompyuta yake mezani, akatazama mlango, akasema:

"Afande, mimi nimetumwa kueleza. Si kujibu."

"Kueleza na kujibu vina tofauti gani?"

"Kujibu ni kazi ya bosi."

"Na bosi yuko wapi?"

"Kwa semina."

"Ya nini?"

Austin alikohoa. "Ya usalama baharini."

Kamaludin aliufunga mlango. "Haya, eleza."

Ramani ilitokea kwenye kioo: pwani, visiwa, na mstari mmoja ukishuka kutoka kaskazini.

"Huu mstari ndio njia ya satelaiti. Inapita haraka sana, inasikiza. Sasa, hii redio yenu ni ya kizamani, haijui yenyewe iko wapi. Inalia tu. Satelaiti ndiyo ipige hesabu. Unajua vile pikipiki ikikukujia sauti inapanda, halafu ikishakupita inashuka?"

"Amu hakuna barabara ya pikipiki ya maana, lakini nimefika Mombasa."

"Basi ni hivyo. Satelaiti inasikia sauti ikipanda na kushuka. Kwa vile inavyoshuka, inajua redio iko umbali gani kutoka kwa mstari. Lakini haijui ni kulia ama kushoto. Kwa hivyo inakupa nukta mbili."

Alizionyesha kwa kidole. Moja ilikuwa baharini, mashariki ya Kiwayu. Nyingine ilikuwa bara, porini upande wa Garissa, mahali ambapo hata ngamia hapati maji ya kunywa, sembuse mashua kupata ya kuzamia.

Kamaludin alizitazama nukta zile kwa muda. "Na hapo kituo chenu kikashindwa kuchagua? Hata mtoto wa chuo cha Kurani angechagua."

"Si kuchagua, afande. Utaratibu ni kungoja satelaiti ya pili ipite na mstari mwingine. Itatoa nukta mbili tena. Pale zinapogongana ndipo penyewe. Lakini ukingoja, unapiga simu. Kila redio ina namba yake inayoituma ndani ya sauti, na kila namba imeandikishwa na simu ya mwenyewe. Ofisa wa zamu akapiga. Akaambiwa mashua iko salama. Akafunga faili."

"Na satelaiti ya pili?"

Kijana aliinama, akakung'uta mchanga viatuni.

"Austin. Ilipita au haikupita?"

"Ilipita. Kabla ya saa sita mchana." Alibonyeza kitufe. Nukta mbili mpya zikaota kwenye ramani. Moja ilianguka mbali huko Ethiopia. Ya pili ililala juu ya ile ya mashariki ya Kiwayu, karibu kuifunika. "Na ya tatu ilipita. Pia ya nne."

Nukta zilirundikana mahali pamoja kama nzi juu ya kidonda.

"Nani alikuwa akizitazama?"

"Faili ikishafungwa hakuna anayetazama. Mtambo unaandika wenyewe tu."

"Redio ililia mpaka lini?"

"Mpaka mlipoizima nyinyi," Austin alisema polepole. "Hapa Amu. Nukta ya mwisho iko juu ya hii ofisi."

Kamaludin aliinuka, akaenda dirishani. Nje alimwona Dawud ameinamia kofia yake. Mitambo ya mamilioni inazunguka juu ya vichwa vya watu, inamsikia mwanamke wa Kiwayu akizama, na chini yake yumo mtu wa mshahara aliyefunga faili akaenda kunywa chai. Watu kama hao hupandishwa vyeo.

"Nataka sauti ya ile simu. Mnazirekodi?"

"Tunarekodi. Lakini kuitoa kunataka sahihi ya bosi."

"Bosi wa semina."

"Nipe mpaka mchana, nitamwomba. Na kitu kingine, afande. Hii redio kwenye rejista si ya Zamzam. Ni ya mashua inaitwa Nuru. Mwenyewe ni Shuaib, wa Shela."

Kamaludin aligeuka. Hapo ndipo alipoanza kuona kitu kama njia.

*

Alitembea hadi Shela kwa ufukwe, akipanga maneno. Kisa kilimjia kikiwa kizima. Shuaib ana mashua ya wageni yenye redio. Redio hiyo inakutwa Kiwayu, kwenye mashua ya mtu mwingine. Kituo kinampigia Shuaib, naye anajua akisema kweli atashikwa kwa kuiazimisha, basi anasema mashua iko salama. Uongo mdogo wa kujiokoa, na mwanamke anakufa. Kamaludin alikuwa na pingu mfukoni.

Shuaib alikuwa uani mwake akisimamia mafundi wa chokaa. Mtu mnene, mwenye salamu ndefu.

"Karibu, karibu, Inspekta. Kahawa?"

"Baadaye. Redio ya Nuru iko wapi?"

Uso wa Shuaib ulishuka. Aliwaambia mafundi wakapumzike, akangoja mpaka wa mwisho atoke.

"Unajua iko wapi," alisema. "Iko kabatini mwako."

"Ilifikaje Kiwayu?"

"Ilifika kama zinavyofika zote. Ah, Kamaludin, usinifanye mgeni! Wewe ni mtu wa Amu. Mkaguzi wa mashua akenda Kiwayu, redio za Shela hwenda Kiwayu. Akija Shela, za Kiwayu huja Shela. Mashua ni nyingi, redio ni chache, na mkaguzi ana mato ya kuona lakini hana haja ya kuona. Anatia alama, anapewa samaki, anapanda ndege. Idris ni binamu yangu, aliniomba nikampa. Mkaguzi akapita. Ilikuwa irudi kwa mtu wa kwanza atakayekuya huku."

"Na mtu wa kwanza akawa Afra."

Shuaib alifuta uso kwa upindo wa kikoi. "Nimemsalia. Nimemlilia. Wataka nini tena?"

"Kituo kilipopiga simu, kwa nini ulisema mashua ni salama?"

"Simu gani?"

"Usicheze na mimi, Shuaib."

"Wallahi sikupigiwa simu! Siku ile nalikuwa Mombasa kwa daktari wa mato. Nimefungwa bandeji mato yote mawili, simu hata singeiona. Muulize daktari, muulize Lubna binti yangu aliyenishika mkono."

Lubna aliitwa, akatoka jikoni na unga mikononi. Alitaja zahanati, daktari, chumba walicholala, na jinsi babake alivyolia kama mtoto alipotiwa dawa. Shuaib alimwambia hayo ya kulia hayakuulizwa. Lubna akasema Inspekta ametaka yote. Hawakuwa wamepanga, waongo hawagombani hivyo.

Kisa kizima cha Kamaludin kikamwagika mchangani.

"Basi namba iliyoandikishwa ni ya nani?"

"Ya mashua," Shuaib alisema, akishangaa kuulizwa. "Kila mashua ya wageni ina simu yake. Ya Nuru iko kwenye kisanduku kando ya usukani, wageni huipiga wakitaka kukodi. Huipokea nahodha."

"Hamdun?"

"Hamdun? Hamdun amestaafu zamani, magoti yamekwisha. Nuru haina nahodha mwingine siku hizi ila..."

Mdomo wake ulibaki wazi, na macho yake, yale yaliyotibiwa Mombasa, yakajaa maji.

"La ilaha illa llah," alisema Shuaib. "Usinambie."

Kamaludin hakumwambia. Alikuwa amemhoji Dawud mara nyingi, juu ya mkewe, juu ya Idris, juu ya saa na siku. Hakuwahi kumuuliza mashua anayoendesha inaitwaje. Ya nini kumuuliza mfiwa jambo kama hilo?

"Alijua kwamba redio imetolewa Nuru?"

"Nalimwambia nimeipeleka kwa fundi wa betri," Shuaib alinong'ona. "Hangekubali. Dawud si mtu wa kukubali mambo hayo."

*

Aliporudi, baraza lilikuwa tupu. Dawud alikuwa amekwenda kuswali. Austin alikuwa ndani na vipokea sauti shingoni.

"Sahihi imetoka, afande."

"Haraka hivyo?"

"Hata mimi nimeshangaa. Nimemtumia bosi ujumbe, dakika kidogo akajibu: wape, wape leo leo."

Kamaludin alikaa chini. Mtu ambaye kwa wiki kadhaa alitoa maneno machache tu, sasa anatoa sauti kwa dakika kidogo, tena kwa hamu. Aliyafikiri hayo na hakuhitaji kufikiri sana. Huko bara walikuwa wameisikiliza. Walijua nani anasema mle ndani, na walipenda wanachokisikia.

"Weka."

Sauti ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyechoka, wa bara.

"Halo, hiyo ni Nuru?"

"Ndiyo, Nuru."

"Wewe ni nani?"

"Nahodha."

"Mashua yako iko sawa?"

"Iko sawa kabisa! Nimeikalia hapa, Ras Kitau. Mwataka kuikodi?"

"Hapana."

"Kodini, bwana, yeo mayi ni matulivu kama ya birika." Kicheko. "Mimi karibu nitakuwa baba, nataka kazi!"

"Sawa. Asante."

Basi. Austin alivua vipokea sauti. "Unamjua huyu?"

Kabla Kamaludin hajajibu, simu ya mezani ililia. Alikuwa mkubwa mmoja kutoka bara, sauti ya mtu aliyeshiba.

"Inspekta, nasikia mmepata rekodi. Vizuri sana. Kwa hiyo ni uzembe wa nahodha, sivyo? Ametoa taarifa ya uongo kwa kituo. Andika hivyo, ukurasa mmoja unatosha, tulifunge hili jambo. Familia zipumzike."

"Familia ni yeye, mheshimiwa. Nahodha ndiye mume wa marehemu."

Upande wa pili ilisikika karatasi ikifunuliwa.

"Pole yake," mkubwa alisema. "Ukurasa mmoja, Inspekta."

Kamaludin aliweka simu. Barazani palisikika kikohozi. Dawud alikuwa amerudi. Alivua kofia, akaiweka gotini.

"Umempata?"

Alikuwa na majibu mengi ya kuchagua, na kila moja lilikuwa uongo wa kheri. Angesema bado, leo na kesho na mwaka mpaka Dawud achoke. Lakini ukurasa ule ungeandikwa na mwingine, na Dawud angeupata sokoni, kwa mdomo wa watu.

"Ndoo, ingia ndani, ndugu yangu."

Austin alisimama ili atoke. Kamaludin akamzuia kwa jicho. "Wewe kaa. Umetumwa kueleza."

Aliiweka sauti. Dawud alisikiliza ameinamisha kichwa, mkono nyuma ya sikio. Mtu hajui sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye mashine. Kicheko kilipokuja, aliinua uso, na macho yake yalikuwa yamewaka.

"Nani huyu anayecheka? Mke wangu afa, yeye acheka?"

Mashine ikaendelea: *Mimi karibu nitakuwa baba.*

Dawud hakusogea. Kofia ilianguka sakafuni. Baadaye alisema, "Tena," na Austin akairudia. Mara hii Dawud aliifuata kwa midomo, neno kwa neno, kama mtu anayesoma dua asiyoitaka.

"Nalidhani ni watu wa kukodi," alisema.

"Najua."

"Hawakunambia ni redio."

"Hawakukwambia. Redio ilikuwa ya Nuru, Dawud. Shuaib alimwazima Idris kwa ajili ya mkaguzi. Ilipolia ilisema mimi ni Nuru, basi wakapiga Nuru."

Alilipokea hilo bila kutukana mtu. Kisha akamgeukia Austin, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko hasira.

"Mwanangu, yule bwana aliponipigia, alikuwa ajua redio ni wapi?"

Austin alimtazama Kamaludin, kisha ramani. "Alikuwa na nukta mbili, mzee. Moja Garissa. Moja Kiwayu."

"Alikuwa nayo mbele yake?"

"Kwenye kioo. Ndiyo."

"Basi kwa nini hakunambia neno hilo moya? Kiwayu. Angesema Kiwayu tu. Hata kwa makosa. Mke wangu yuko Kiwayu, moyo ungenishtuka, ningeng'oa nanga. Nuru ina mashine mbili. Hakuna mashua ya mbio kama ile katika visiwa hivi vyote. Kamaludin, alikuwa hai?"

"Bi Radhiya asema mpaka alasiri."

"Walinipigia asubuhi."

"Asubuhi."

Dawud alifunika uso kwa viganja, na mabega yake yakatikisika bila sauti. Waliona haya kumtazama. Kamaludin aliiokota kofia, akaipangusa vumbi, akaishika tu kwa kukosa pa kuiweka.

"Sikiza," alisema mwishowe. "Huko juu wanataka niandike ni uzembe wako. Nimeshateleza nikawaambia ni wewe, lakini hayo ni maneno ya simu tu; sauti yenyewe haina jina ndani yake. Naweza kuandika aliyepokea simu hakutambulikana. Shuaib hatasema. Huyu kijana..."

"Mimi sijasikia kitu, afande," Austin alisema haraka.

"La." Dawud aliondoa viganja. "Nimekuya hapa siku zote hizi nataka jina. Nimelipata, niligeuze uso? Niandike. Andika nalipokea, andika nalicheka."

Kamaludin alivuta karatasi. Aliandika tarehe, aliandika mahali, kisha *Mimi, Dawud, nahodha wa mashua Nuru, nilipokea simu.* Dawud aliufuata mkono wake.

"Wataisoma yote?"

"Wale?" Kamaludin aliwahi kuketi katika ofisi zao, alijua faili zinavyopita. "Watasoma mstari wa kwanza. Halafu watatia muhuri."

"Na mstari wa kwanza ni jina langu."

"Ndivyo zinavyoandikwa."

"Basi hilo ndilo watakalo." Dawud aliweka kidole juu ya wino uliokuwa bado mbichi, akauvuruga. "Mimi nitie chini. Nitie mwisho kabisa, sitakimbia. Mtie yeye mbele."

Simu ya mezani ilianza kulia tena. Austin aliitazama, akamtazama Inspekta. Kisha akanyoosha mkono wake mrefu, akauchomoa waya ukutani.

Kamaludin aliichana karatasi ile, akachukua nyingine. Alifikiri kidogo jinsi ya kuanza, maana hakuwahi kuandika taarifa namna hiyo, na hakuna chuo kilichomfundisha. Kisha akaandika, kwa herufi kubwa kuliko kawaida yake:

*Satelaiti zilipojua mahali, Afra alikuwa hai.*